Bibi alitaka mlango wa choo

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, siku moja kwa mwaka ya kanisa kwenda kuhudumia jamii ina faida, au tuiache?" Nililisoma swali hilo jioni, nikalifunga jarida, nikalifungua tena. Nimekuwa katibu wa kamati ya siku hiyo kwa miaka mitatu. Jibu lililonijia kwanza lilikuwa neno moja: iacheni. Nilipoanza kuandika nikagundua kwamba linaloniuma si siku moja wala siku kumi. Linaloniuma ni kwamba mwenye nyumba haulizwi kitu mpaka fagio limeshaingia ndani.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kanisa anajua mambo yanavyokwenda. Tulianza na tarehe. Mwenyekiti alipenda Jumamosi iliyo karibu na 5 Desemba, kwa kuwa Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 1985 iwe Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, na sote tukaona ni sababu nzuri. Baada ya tarehe tukaja kwenye fulana: rangi gani, maneno gani mgongoni. Kisha usafiri, kipaza sauti, nani afungue kwa sala na nani afunge. Kazi yenyewe tuliigusa kikao cha tatu, dakika za mwisho, watu wameshashika funguo mkononi. Mzee mmoja wa kanisa akasema jumuiya zilete majina ya wahitaji. Yakaja majina matano. Mbele ya jina la tatu palikuwa pameandikwa: "Bibi, anaishi peke yake, nyumba chafu." Niliyanakili maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mkono wangu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesema nyumba ni chafu, wala mimi sikuuliza.

Tulifika kwake saa tatu asubuhi, watu 23, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Tukamwamkia, akaitikia kila mmoja wetu, na kwa watu 23 shughuli hiyo ilichukua muda wake. Tukasali. Tukamtolea kiti nje, kivulini, tukampiga picha akiwa katikati ya vijana. Alikuwa amevaa nguo yake ya ibada. Jirani ndiye aliyempasha habari jana yake usiku kwamba kuna wageni wa kanisa. Sisi hatukuwa tumempelekea mtu.

Vijana walipoanza kutoa vyombo nje, Bibi aliinuka, akachukua ufagio wake pembeni ya mlango, akataka kuingia. Dada mmoja wa kwaya akampokea ule ufagio kwa upole mkubwa, akamwambia, "Bibi, leo ni siku yako ya kupumzika." Akakaa. Baada ya muda akainuka tena. Akakalishwa tena. Mara ya tatu aliniita mimi, kwa sababu nilikuwa na karatasi mkononi na alidhani mimi ndiye mkubwa wa msafara. Akaniambia, "Mwanangu, kile chumba cha ndani niachieni mwenyewe." Nikamjibu, "Usijali Bibi, tutakipanga vizuri sana." Nilimsikia vizuri. Nilichukulia kwamba anatuonea haya kwa sababu ya vumbi.

Chini ya kitanda katika kile chumba palikuwa na kopo kubwa la rangi, kuukuu, limefunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na karatasi. Nyingine zilikuwa zimeliwa na panya pembeni, nyingine zimeshikana kwa unyevu. Nilipekua mbili tatu za juu, nikaona risiti zilizofifia, nikabeba kopo zima hadi kwenye moto uliowashwa nyuma ya nyumba, nikalipindua. Nilibaki na kopo tupu, nikalisuuza, nikalirudisha chini ya kitanda likiwa safi. Nakumbuka nilifurahi kwamba nimelirudisha.

Tulimaliza saa saba. Nyumba ilikuwa inang'aa kweli. Tukasimama mstari mbele ya mlango tukaimba wimbo wa kufunga, na Bibi akaingia ndani ubeti wa pili. Ubeti wa tatu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na lile kopo kifuani. Hakupaza sauti. Alisubiri tumalize kuimba, kisha akauliza, "Nani aliingia chumba cha ndani?"

Watu walitazamana. Kiongozi wa vijana akasema, "Bibi, tumesaidiana wote." Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na sikusema neno. Tulipanda gari tukaenda nyumba iliyofuata.

Jumapili matangazo yalisomwa: kaya 5 zimehudumiwa, Mungu ametutendea mema. Watu walipiga makofi. Jumanne nilirudi kwake peke yangu, nikamwambia ni mimi.

Ndani ya kopo mlikuwa na kadi yake ya kliniki, ile inayoandikwa presha na dawa kila mwezi. Mlikuwa pia na daftari la marehemu mumewe, aliyekuwa fundi seremala. Alikuwa akiandika humo vipimo vya milango na madirisha ya kila nyumba aliyopata kufanyia kazi, na pembeni anachora umbo la kila kimoja kwa penseli. Bibi hajui kusoma. Lakini kurasa alizijua kwa madoa: hii ilimwagikiwa gundi, hii ina alama ya kidole gumba, hii mumewe aliiandika mvua ikinyesha wakiwa wamekaa pamoja ukumbini. Alikuwa akilifungua jioni.

Aliponieleza hayo hakulia. Alinieleza taratibu, kama mtu anayekufundisha njia ili usipotee mara nyingine. Nilimuuliza, na nakiri ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote wa kanisa letu kumuuliza, alikuwa anahitaji msaada gani. Akasema, "Mngeniuliza, ningewaambia mlango wa choo." Ulikuwa umeng'oka bawaba miezi kadhaa. Alikuwa anaenda chooni usiku tu, au anaegesha kipande cha bati na kukishikilia kwa mkono. Watu 23 tulipita mbele ya choo kile asubuhi nzima. Vijana wetu walifagia mpaka kizingitini pake.

Ijumaa nilikwenda na fundi mmoja anayeimba besi kwenye kwaya. Kazi ilichukua saa moja na nusu, sehemu kubwa ikiwa kunyoosha fremu. Wiki iliyofuata nilimsindikiza kliniki kupata kadi mpya, na ilibidi muuguzi aanze kumuuliza dawa moja moja kwa rangi na umbo la kidonge. Daftari halina nakala popote.

Sasa mnanielewa kwa nini nilitaka kuandika "iacheni". Na bado naamini kwamba siku ya namna ile, iliyoanza kwa tarehe na fulana, haifai kurudiwa hata mara moja. Tunapenda sana kumtaja Nehemia kwenye harambee na siku za kazi, eti watu waliujenga ukuta kwa siku 52. Tunaruka sura ya pili ya kitabu chake. Alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta akiukagua palipobomoka, kabla hajamwambia mtu yeyote neno la kujenga. Na sura ya tatu, ile ndefu yenye majina ambayo wasomaji wa zamu huikwepa, inarudia kwamba huyu alitengeneza mbele ya nyumba yake, na yule mbele ya nyumba yake. Wenye nyumba walikuwa kazini. Sisi Bibi tulimnyang'anya ufagio mbele ya mlango wake mwenyewe, kwa tabasamu.

Kwa hiyo kama ningepewa kamati leo, pesa ya fulana ingekuwa ya bawaba na misumari. Wiki mbili au tatu kabla, watu wawili tu wangekwenda kila mahali tunapokusudia kufanya kazi, wakae, wasikilize, waulize kinachohitajika na kisichoguswa, waandike vyote viwili. Kinachohitajika kinaweza kuwa kidogo mno kwa watu 20. Basi waende wanne. Yethro, baba mkwe wa Musa, alimshauri Musa aweke wakuu wa makumi, na kwa uzoefu wangu kumi ndio mwisho wa watu ambao kiongozi mmoja anaweza kuwaona wote wanachofanya. Hakuna kitu kingetoka ndani kwenda motoni bila mwenyewe kukishika na kusema kitupwe. Kwenye zahanati ni vivyo hivyo, tena zaidi: muuguzi wa zamu ndiye aonyeshe pa kufagia na pa kuacha, na sindano iliyoanguka chini haiokotwi na kijana wa kujitolea kwa mkono, hata akiwa na glavu. Miti nayo: jina la atakayemwagilia liandikwe kabla shimo halijachimbwa. Na picha aombwe mtu, akikataa iwe basi.

Nilipofika hapa kuandika nilitaka kumalizia kwamba kanisa lisiloweza kufanya hayo lisifanye chochote. Nikakumbuka kuhesabu watu wanaokwenda kwa Bibi mpaka leo. Tuko wanne. Yule fundi. Dada wa kwaya aliyepokea ufagio, ambaye tangu nilipomweleza habari ya kopo hakosi kila mwezi. Binti mmoja aliyekuwa na miaka 16 siku ile, anayemsomea Bibi neno la siku na kumjibia ujumbe wa simu. Na mimi. Katika wanne hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua jina la Bibi kabla ya Jumamosi ile. Tulikuwa tunasali naye jengo moja, yeye benchi la nyuma karibu na mlango, sisi mbele.

Siwezi kulikwepa hilo. Mitume waliposikia kwamba wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, walichaguliwa watu 7 kwa kazi hiyo, na kazi yenyewe ilikuwa ya kila siku. Lakini hao 7 walitoka katika kundi lililokuwa limeitwa pamoja kwanza. Sijui tungempataje yule binti bila siku ya fulana. Pengine kwa njia bora zaidi. Lakini tulikuwa na miaka mingi ya kuitumia njia hiyo bora na hatukuitumia.

Basi jibu langu ni kwamba siku hiyo iwepo, ingawa nimejaza kurasa nzima kuipinga. Iwepo ikiwa imetanguliwa na miguu ya watu wawili na swali, na iwe na orodha ya watakaorudi, iandikwe kabla ya orodha ya watakaokwenda. Pasipo na orodha hiyo ya watakaorudi, mimi ningeshauri tusiende. Wapo watakaosema masharti haya yanakatisha tamaa vijana wenye moyo. Inawezekana. Moyo niliokuwa nao mimi siku ile ulikuwa mkubwa, na ndio uliolibeba lile kopo hadi motoni.

Mwaka huu nilimuuliza Bibi mapema kama tuje. Alifikiri kidogo, akasema tuje, ila wachache, na safari hii afagie mwenyewe. Halafu akanionyesha bawaba ya chini ya mlango wa choo, imeanza kulegea tena. Nimeshamwambia fundi. Tunakwenda Alhamisi, kamati itakutana baadaye.