Mimi najiona kwa Haruni

Mmeuliza wiki hii hadithi za Biblia zinatufundisha nini kuhusu sisi wenyewe. Kwa upande wangu zinatuonyesha jinsi tunavyoongea tukibanwa, ila hilo hulioni kama kila ukisoma unajipa nafasi ya shujaa. Daudi na Goliathi kwa mfano, wote tunajiona Daudi, sijawahi kusikia mtu akisema jamani leo nimejiona kwa wale askari wa mfalme Sauli, na wao ndo walikuwa wengi, jitu linatokea asubuhi na jioni siku 40 na wao kila wakiliona wanakimbia.

Mimi najiona kwa Haruni bwana. Kutoka 32, Musa yuko mlimani amechelewa kushuka, watu wanamwambia Haruni tufanyie miungu, naye anasema haya leteni pete za dhahabu za masikioni. Biblia inasema wazi kabisa alizipokea, akaitengeneza ile dhahabu kwa patasi ikawa ndama. Patasi! Yaani ni kazi ya mikono, ya kukaa chini na kutulia. Sasa Musa anashuka, anakuta watu wanacheza, anamgeukia ndugu yake anamuuliza hawa watu wamekufanyia nini mpaka ukawaletea dhambi kubwa hivi, na Haruni anaanza na "wewe unawajua watu hawa", halafu anamalizia eti walinipa dhahabu nikaitupa motoni, akatoka ndama huyu. Akatoka! Mwenyewe tu, kama kuku anavyotoka bandani. Kila nikifika hapo nacheka halafu kicheko kinakata, maana hayo maneno nayajua, ndo yale ya "sijui imekuwaje tukajikuta tumegombana", "pesa imeisha tu yaani sielewi". Patasi huwa haitajwi.

Sauli naye hivyo hivyo ila yeye kazidi ufundi. Kaambiwa vita na Waamaleki asibakize kitu, anarudi anamsalimia nabii Samweli kwa furaha, nimeitimiza amri ya Bwana, na Samweli anamuuliza kama ni hivyo mbona nasikia kondoo wanalia? Jibu lake lisome taratibu: watu ndio waliowaacha hai kondoo na ng'ombe wazuri, tena kwa ajili ya dhabihu, na waliobaki tumewaangamiza. Kwenye kosa ni watu, kwenye kutii ni sisi. Baadaye akibanwa zaidi anakubali nimekosa, lakini hapo hapo anaomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Nadhani wengi tunaombaga msamaha wa namna hii, kinachotuuma ni kuonekana.

Adamu sitamgusa, yule kila mtu anamjua, mwanamke uliyenipa na kadhalika.

Ila hakuna habari inayonisumbua kama ya Daudi, huyo huyo wa Goliathi, sasa ni mfalme, kamchukua Bathsheba mke wa Uria, na barua ya kumuua Uria kaiandika kisha akampa Uria mwenyewe aipeleke kwa Yoabu, mkuu wa jeshi lake. Nabii Nathani hakuja kumgombeza, alimpa kesi ya tajiri mwenye mifugo kibao aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akawaka, huyo mtu anastahili kufa, tena atalipa mara nne. Kondoo mmoja tu huyo! Yaani dhamiri yake ilikuwa nzima kabisa, inafanya kazi vizuri, ila kwa makosa ya wengine. Mpaka alipoambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Na hapo namheshimu, hakutaja watu wala moto, alisema nimemfanyia Bwana dhambi akaishia hapo.

Kuna watakaosema kwamba yeye alisamehewa kirahisi. Nakubali nusu, maana Uria ndo hakurudi tena, lakini wanaosema hivyo wengi wanafungia kitabu hapo. Sura inayofuata Amnoni, mtoto wa Daudi, anambaka Tamari dada yake, na Daudi anasikia habari yote. Mtu aliyetaka kuua kwa ajili ya kondoo wa watu, sasa hivi ni binti yake, na Biblia inasema alikasirika sana, basi, hakuna adhabu wala neno lolote kwa Tamari. Angesema nini wakati na yeye katoka kwenye jambo linalofanana na hilo? Miaka miwili mizima inapita kimya, mpaka Absalomu, kaka yake Tamari, anaandaa sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, anawaalika wana wote wa mfalme, na anawaambia watumishi wake wakishamwona Amnoni amechangamka kwa divai wamuue.