Kilo Tatu za Maji

Niliacha sukari na ugali siku ya Jumatatu, maana sisi watu wa Nairobi kila jambo gumu tunaliwekea Jumatatu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepimwa damu katika kliniki moja huku Eastlands, kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, kikasoma asilimia 6.1. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 unahesabiwa kuwa mlangoni mwa kisukari, ukifika 6.5 umeshaingia ndani. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Chai unakunywa vikombe vingapi kwa siku?" Vinne. "Na sukari?" Vijiko vitatu kila kikombe. Akaandika 12 kwenye karatasi, akaizungushia duara.

Vijiko 12 vya chai ni kama gramu 50. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema mtu mzima anayekula kalori 2,000 asizidishe hizo gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana aishie 25, yaani vijiko sita. Mimi nilikuwa nimefika ukingoni kwa chai peke yake, kabla ya mandazi ya saa nne na kabla ya soda ya mchana. Soda ya kola huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo ile chupa ya nusu lita ilikuwa inaniongezea vijiko vingine 12. Na bado nilikuwa najisifu kwamba sipendi vitu vitamu!

Nikakata vyote kwa mpigo: sukari, ugali, chapati, wali, viazi, mkate. Nikabaki na mayai, sukuma, managu, omena, nyama, parachichi na njugu. Kufikia Jumapili nilikuwa nimeshuka kilo tatu. Nikapiga picha mizani, nikatumia marafiki.

Hapo ndipo ningependa unisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi huongopewa papo hapo. Mwili huweka akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni: kama gramu 100 kwenye ini na kama 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha kula wanga, mwili unaichoma akiba hiyo kwa siku chache na maji yake yanatoka. Piga hesabu: nusu kilo ya glaikojeni, kilo moja na nusu ya maji. Juu ya hayo, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ikishuka, figo huachilia chumvi, na chumvi haisafiri bila maji. Kwa hiyo zile kilo tatu nilizozitangazia marafiki zilikwenda chooni. Mafuta ya kitambi yalikuwa bado hayajui kama kuna vita.

Chumvi hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu siku ya tatu. Nilishuka matatu pale Jogoo Road, barabara ikayumba, kichwa kikigonga kama mtu anayefua bati Gikomba. Nilidhani ni malaria. Mwenzangu mmoja wa kazini aliyewahi kupitia njia hiyo alicheka, akanivuta hadi soko la Burma, akaniagizia supu ya mifupa na kuitia chumvi mwenyewe bila kuniuliza. Baada ya nusu saa nikaona dunia imetulia. Tangu siku hiyo nilikunywa kikombe cha supu yenye chumvi kila siku kwa wiki mbili, na maji ya kutosha, na kichwa hakikurudi. (Kama una shinikizo la damu, hili la chumvi mwulize daktari wako kwanza, usinifuate mimi.)

Wiki ya pili ilikuja na jambo la aibu. Binti yangu wa darasa la nne alinisogelea nikimsaidia hesabu, akarudi nyuma: "Baba, mbona mdomo wako unanuka kama saluni?" Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Wanga ukikosekana, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo upate cha kula, na mojawapo ya ketoni hizo ni asetoni, ile ile iliyomo kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Inatoka kwa pumzi. Kupiga mswaki hakusaidii sana. Bazoka isiyo na sukari inasaidia kidogo.

Watu huniuliza kama ubongo hauharibiki bila sukari. Hauharibiki. Sehemu kubwa ya mahitaji yake hujazwa na hizo ketoni, na glukosi kidogo inayobaki kuhitajika ini hujitengenezea lenyewe. Njia hii ya kula hata si mpya: madaktari wa Marekani walianza kuitumia mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo kuna watoto wanaotibiwa nayo chini ya uangalizi.

Choo kiligoma siku nne. Nilirudia mboga kwa wingi na parachichi moja kila jioni, kikafunguka. Hilo halina hadithi zaidi.

Mazuri nayo yalikuja, tena bila kelele. Ule usingizi wa saa nane mchana, wa kusinzia juu ya kompyuta na kushtuliwa na bosi, uliniacha. Njaa ilikuwa inakuja polepole na kunibishia hodi. Zamani ilikuwa inavunja mlango. Na mwezi ulipokwisha nikagundua kwamba maziwa yana utamu wake na kitunguu cha kukaanga kina sukari. Kumbe miaka yote nilikuwa nakunywa sukari yenye rangi ya chai.

Kisha tukaalikwa kwa wakwe, Kahawa West. Mkwe akiniwekea chapati tatu na kunitazama, mimi ni nani? Nikala. Wali pia. Jumanne mizani ikasoma kilo mbili juu. Nilikaa kitandani nikiwaza kuacha kila kitu, nikaapa kwamba mwili wangu umelaaniwa. Mke wangu akanikumbusha somo langu mwenyewe la maji nililomchosha nalo: akiba imejazwa, maji yamerudi, mafuta hayaongezeki kilo mbili kwa chakula kimoja. Tangu hapo napima kwa mkanda wa suruali. Ulikuwa tundu la pili, leo uko la nne.

Sasa nikupe kisa ambacho karibu kiniondolee usingizi. Mzee mmoja wa ploti yetu, mgonjwa wa kisukari, aliniona nikipungua akaamua kunifuata. Aliacha ugali na chai ya sukari, lakini akaendelea kumeza glibenclamide zake kama kawaida. Dawa hiyo husukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Saa tano usiku tukasikia mkewe anagonga kila mlango. Tulimkuta mzee amelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, mama mmoja aliyewahi kuwa nesi alimkorogea maji yenye vijiko vinne vya sukari. Sukari ile ile niliyokuwa nikiitukana ndiyo iliyomwinua. Asubuhi alikwenda kliniki, dozi ikapunguzwa.

Kwa hiyo kama unatumia dawa za aina hiyo, au insulini, usiguse sahani yako kabla hujaongea na daktari kuhusu dozi. Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin, dawa nyingine za kisukari, wana hatari nyingine, damu kujaa tindikali ya ketoni hata sukari ikionekana ya kawaida. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye figo dhaifu wasijaribu peke yao. Na mwenye gauti, ule ugonjwa wa maumivu ya viungo, ajue kwamba wiki za kwanza asidi ya yuriki hupanda. Kidole gumba cha mguu kitamwambia.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi kupimwa. Ni muda huo kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na kipimo husoma sukari iliyozigandia. Nilipata 5.7. Bado niko mlangoni, ila nimesimama upande wa nje, mguu mmoja barazani.

Sikuendelea na ukali ule. Nyama na mayai kila siku ni gharama mtu wa mshahara haimudu, na ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018, wa watu 609, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopunguza wanga na waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua karibu sawa, kilo 6.0 kwa 5.3. Nimerudisha githeri, ndengu na nduma, na ugali wa ukubwa wa ngumi yangu, si ya bondia. Nyuzinyuzi za maharagwe huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kuhusu sukari ya kijiko sina huruma nayo: hiyo haikurudi, na sioni sababu irudi.

Vita vilivyobaki ni vya thamosi. Kwenye chama, kwenye matanga, kwa shangazi zangu, sukari hupikwa humo humo na chai, huna pa kuikwepea. Mama yangu aliniona nikiishika bilauri bila kunywa mara mbili, tatu, akanuna. Nilimweleza habari ya kipimo. Hakusema kitu. Safari iliyofuata nilikuta kikombe cha bati kimefunikwa na kisahani kando ya jiko, kimechotwa kabla sukari haijaingia sufuriani. Wajukuu wamekatazwa kukigusa.