Barua kwa mwanangu: habari ya kile kijiji cha wazee

Mkomani, Lamu
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimefunga mlango ili mjukuu wa jirani asidakie maneno. Umeniuliza: "Mama, nikilipa mimi, utakubali kuhamia kile kijiji cha wazee ulichokaa baada ya jicho lako? Faida yake unaionaje, na hasara yake?" Ukaniomba nisikujibu "tutaona". Basi nakuandikia, maana kwenye simu wewe hulia na mimi hudanganya. Kijana atazipiga picha karatasi hizi akutumie.

Kwanza jua kuwa sikuudhika. Mamako mdogo ndiye aliyeudhika kwa niaba yangu, ati watoto wa siku hizi wanatafuta pa kututupia. Nilimwambia anywe kahawa yake.

Zile siku kumi kule nje ya Nairobi, nilipoondolewa mtoto wa jicho, zilinishangaza. Nilikwenda nimenuna, nikarudi na mengi ya kusimulia. Hakuna ngazi hata moja. Msalani kuna vyuma vya kushikia kulia na kushoto, na kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Kengele ya kitandani niliibonyeza usiku wa pili kwa kujaribu tu (usimwambie mtu), na muuguzi akafika sijamaliza hata kuhesabu mia. Sukari walinipima asubuhi na jioni, na tangu babako afariki sijaiona ikitulia vile. Sababu naijua: kule hakuna wa kuniletea halua kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa.

Na jioni nilipata wa kuzungumza naye. Kulikuwa na mama mmoja wa Nyeri, mwalimu mstaafu kama mimi. Tulikumbushana 1985, mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, tukawa tunafundisha masomo ambayo vitabu vyake havijafika, na watoto wa darasa la nane wanasubiri mtihani. Tulicheka mpaka msichana wa zamu akaja kuuliza kulikoni. Mwanangu, sijacheka hivyo hapa nyumbani kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililonifanya nilifikirie swali lako kwa haki.

Sasa yaliyonikereketa. Kila mtu kule aliniita shosho, yaani bibi. Walikuwa na adabu, wallahi, lakini miaka thelathini na tano nimeitwa Mwalimu, na hapa mtaani hata muuza samaki huniita Bimkubwa. Chakula cha usiku kinaletwa saa kumi na mbili, saa tatu taa zinafifia, na wewe unajua wanawake wa Lamu tunaanza kuishi baada ya isha. Nyama ilikuwa halali kwa vile uliwaandikia mapema, nawashukuru, ila wali ulikuwa wa maji matupu, na Julai ya kule baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Nilitaka nikune nazi mwenyewe, wakakataa nisije nikajikata. Ukikaa siku kumi bila kukuna, kumenya wala kuchambua kitu, mikono inaanza kuwa ya mtu mwingine.

Kubwa zaidi ni la lugha. Siku moja nilisema kitwa chaniuma. Binti wa zamu akaniuliza kitwa ni kitu gani. Nikacheka, nikamwambia kichwa. Usiku nilipolala sikucheka. Marehemu mamako mkubwa, akili ilipoanza kumwondoka, Kiingereza kilikwenda kwanza, kikafuata Kiswahili cha shuleni, akabaki na Kiamu peke yake, Kiswahili cha hapa Lamu, kile cha bibi yetu. Mimi nikifika huko, nani kule atajua ninaomba maji?

Na la maiti pia nitalisema. Sisi tunazikwa siku ile ile. Nani atanikosha, na ndege ya kunileta Manda itapatikana saa ngapi? Hilo halinikoseshi usingizi, lakini limo kwenye hesabu.

Usije ukadhani nakwambia nyumbani ndiko pepo. Nikusimulie vizuri usiku ule wa Januari, maana nilikupunguzia. Umeme ulikatika, nikashuka kutafuta mshumaa. Ngazi zetu unazijua, kila kidato na kimo chake. Nilikosea cha tatu kutoka chini. Nililala pale nikiita mpaka adhana ya alfajiri. Nyumba ya kulia ni ya Mzungu ajaye Desemba. Ya kushoto imekuwa ya wageni wa kulala, na haikuwa na mgeni. Ya nyuma wamepanga vijana wa kazi, wanarudi usiku wa manane na simu zimewajaa masikioni. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na wikio, lile daraja la kuunganisha nyumba, juu ya kichochoro, na mlango ndani ya ukuta, wanawake wakipita nyumba hata nyumba bila kukanyaga njiani. Mama yangu akikohoa, nyumba tatu zimejua. Mlango ule babako aliuziba kwa mawe jirani zetu walipouza. UNESCO waliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na leo ukitaka kubadilisha dirisha utaulizwa, lakini anayelala ndani ya nyumba hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba Lamu hakuna upweke, muulize alikuja lini mara ya mwisho. Utasikia alikuja wakati wa Maulidi.

Asubuhi walinibeba kwenye kitanda cha kamba mpaka ufukweni, kwani gari haliingii vichochoroni. Ilikuwa nyonga iliyoteguka tu, alhamdulillahi. Ingekuwa kiharusi, ni mashua mpaka Mokowe, kisha Witu, Garsen, ndipo Malindi au Mombasa. Kule kijijini kwa wazee hospitali kubwa iko karibu. Hilo siwezi kulibishia, na kila nikipima narudi hapo.

Halafu kuna neno wanalopenda kulisema barazani: sisi Waswahili hatutupi wazee wetu. Mamako mkubwa hakutupwa, ni kweli. Alikufa kitandani kwake, ameoshwa, amefukizwa udi. Lakini aliyemlea ni binamu yako peke yake, miaka sita. Alikuwa anafundisha chekechea, akaacha. Alikuwa na mchumba, akangoja mpaka akachoka. Ndugu zake wanne walituma pesa na dua. Usiku mzee alikuwa akitoka nje akitafuta nyumba aliyozaliwa, hali yumo ndani yake, ndipo mlango ukawa unafungwa kwa kufuli. Mimi mwenyewe nilimwona binamu yako siku moja amekaa kizingitini na ufunguo mkononi, hataki kuingia. Sikumlaumu. Nilimpokea ule ufunguo, nikakaa mimi mpaka magharibi, kisha nikarudi kwangu, na yeye akabaki. Afadhali hapa kwetu mzee aliyepotewa ni wa kuhurumiwa tu. Huko vijijini Kilifi mvi na usahaulifu vimewafanya wazee waitwe wachawi, na wako waliouawa kwa hilo.

Nilipokuwa nikifundisha shuleni nilipenda kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010: mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia yake na serikali. Familia imeandikwa mwanzo. Jirani yangu aliyepita miaka sabini anapata ile elfu mbili ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, kila mwezi, inapofika. Mimi simo, kwa kuwa nina pensheni. Basi unaona familia maana yake ni nani.

Tuje kwenye pesa, kwani ndipo wenzako wanapoona haya kugusa. Ule mkataba niliusoma mara mbili, kwa jicho langu jipya. Ada ya mwezi mmoja ni pensheni yangu ya miezi mitatu. Kuna amana ya kuingilia, na nilipouliza inarudi kiasi gani mtu akitoka, nilijibiwa "sehemu". Dawa, nepi na gari la wagonjwa hulipiwa mbali na ada. Ukianza kuhitaji kulishwa unapandishwa daraja, na bei inapanda nawe, na anayeamua kwamba umefika daraja hilo ni uongozi wenyewe. Sisemi ni wezi. Nasema mwalimu akiona neno "sehemu" kwenye hesabu hupiga mstari mwekundu.

Tena wewe ndiye uliyenifundisha. Miaka saba unawaosha wazee wa watu huko Columbus, Marekani. Ulinieleza mtu anavyoingia na nyumba yake ndogo na funguo zake, kisha anahamishwa upande wa kusaidiwa kuoga na kuvaa, kisha ule upande wa milango ya namba kwa waliopotewa na kumbukumbu. Ulinieleza Medicare, bima ya serikali ya huko kwa wazee, hailipi kodi ya chumba upande ule wa kusaidiwa, watu wakauza nyumba wakazila, na walipobaki mikono mitupu Medicaid, ile bima ya maskini, ikawachukua kwenye nyumba za uuguzi. Yule mzee wako anayekuuliza kila siku nani amenunua shamba lake, mimi humwombea. Ukaniambia pia ya ule mji wa Arizona, Sun City, uliofunguliwa 1960 kwa ajili ya wazee, watoto wakija ni kwa kuzuru tu. Nilijiuliza: dukani anatumwa nani?

Nyumba hii baba yangu alinipa siku ya harusi yangu, kama ilivyo desturi yetu, na kwa desturi hiyo ni yako. Nilikaa eda humu, miezi minne na siku kumi. Unasema utalipa wewe. Utalipa kwa zamu za usiku, kisha mgongo wako utakataa, kisha tutaitazama nyumba. Sitaki niile ukuta kwa ukuta hali niko mbali nayo.

Lakini mwanangu, kuna swali ndani ya swali lako. Unaniulizia nyonga yangu au usingizi wako? Sikusuti. Nikianguka mimi alfajiri, wewe huko bado uko jana yake usiku, umevua viatu tu, simu inalia. Mchana kutwa unawashika wazee wasio wako wasianguke, na wako ameanguka hana wa kumshika. Ningekuwa wewe ningetafuta kijiji chenye kengele kwa namna yoyote. Ila usingizi wako hautoshi kuwa sababu ya mimi kuhama mji. Unatosha kuwa sababu ya mimi kuacha ukaidi.

Kwa hiyo nimefanya haya. Kitanda nimekishusha sabule, chumba cha wageni kule chini, juu nitapanda mchana tu, tena mtu akiwepo. Simu inalala nami kando ya mto wa kulalia. Yule mwalimu mwenzangu wa Langoni, mjane, ambaye paa lake limevuja tangu masika, nimemwita aje akae chumba cha nyuma. Anakoroma na ana maoni juu ya kila kitu, lakini ataanguka nisikie na nitaanguka asikie. Tumekubaliana umeme nusu kwa nusu, na mapishi kwa zamu. Kila Julai nikienda kutazamwa jicho nitakaa kule kijijini wiki mbili. Wanapokea watu wa muda, na yule mama wa Nyeri ananidai hadithi. Nitumie koti zito tu.

La akili ni jingine, na hilo nimeliamua ningali nazo. Siku nitakapoacha jiko linawaka mara ya pili, au nikaanza kukuita kwa jina la mamako mkubwa, msiniulize. Nipelekeni. Ikiwa wakati huo pamefunguliwa mahali pazuri Malindi au Mombasa, iwe huko, niwe karibu na watu wanaojua kitwa ni nini. Pasipokuwepo, nipelekeni Nairobi, na mumwandikie muuguzi maneno ishirini ya Kiamu abandike ukutani. Binamu yako asiguswe na jambo hili. Ameshamaliza zamu yake. Nimeyaandika haya mbali na barua hii, nikatia sahihi mbele ya mjomba wako, nakala iko kwenye mkoba wa hati za nyumba.

Sasa nawe nifanyie kazi. Fundi anakuja Jumatatu kutia vyuma msalani, naye kazi yake ni madirisha na milango, hajawahi kumwinua mzee. Wewe unawainua kila siku. Niambie chuma kikae juu ya sakafu kiasi gani, na mbali na kiti kiasi gani kwa mtu wa kimo changu, tena cha pembeni kilale au kisimame. Andika kwa inchi, sentimita fundi hazitaki.

Mamako