Kituo kikiwa kimya, msimamizi ashtuke

SWALI: Shikamoo mama. Nimekuwa mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Mbagala kwa miaka sita. Mwezi ujao mwenye kituo ananipandisha kuwa msimamizi. Tuna watoto 34, wadogo kabisa wana miezi minane, na mimi nikitoka chumbani walezi watabaki watatu. Amesema anachotaka kwangu ni utulivu, maana kuna kituo jirani ukipita saa sita mchana husikii hata mtoto mmoja, na wazazi wanakisifia. Nimeona tangazo la semina ya siku mbili inayotoa cheti cha usimamizi kwa shilingi 80,000. Niende? Halafu kuna mlezi mwenzangu mtu mzima, umri wa mama yangu. Atanisikiliza kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. La semina tulimalize haraka. Mwulize mwenye tangazo namba yake ya usajili NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, maana huko ndiko vinakosajiliwa vyuo vinavyofundisha malezi na makuzi ya awali. Akianza kukueleza habari za washirika wake wa nje, kata simu. Ukitaka kusoma, soma kozi ya kweli, hata kama ni ya jioni na itakuchukua muda. Siku mbili kwenye ukumbi wa kukodi, chai na sambusa, hazimfundishi mtu kubeba dhamana ya watoto wa wenzie.

Kilichonikalisha macho kwenye barua yako ni hicho kituo jirani.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa macho ni kelele. Anadondosha vikombe, anamng'ang'ania mwenzie mdoli, anaimba wimbo wa maneno mawili kwa nusu saa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mwaka mmoja hadi miwili walale saa 11 mpaka 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto aliyelala usiku kwa muda wa saa kumi anabakiwa na saa moja mpaka nne hivi za kulala mchana, na kila mmoja ana wakati wake: huyu anasinzia kwenye uji, yule mpaka abebwe. Watoto thelathini hawazimiki kwa pamoja kama taa za mtaa TANESCO wakikata umeme. Ukiona wamezimika hivyo siku baada ya siku, kuna mtu anayewazima.

Njia ninazokutana nazo ni tatu. Fimbo, ambayo alama zake wazazi huziona wakati wa kuogesha. Runinga, ambayo shirika hilohilo linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele yake kabisa. Ya tatu ni kifuniko cha chupa, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Piritoni ya maji. Promethazine, dawa ya mzio inayosinziza. Dawa ya mafua "ile ya kulaza". Nimekagua vituo miaka mingi na bado naambiwa usoni, "Mama, hii si sumu, inauzwa duka la dawa." Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea promethazine onyo lake zito kuliko yote, kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumkatisha pumzi mpaka akafa. Sisi huku tunapima kwa kifuniko, mtoto wa kilo saba na wa kilo kumi na nne kifuniko kilekile, tena asiye na mafua wala mzio. Kuna jambo jingine ambalo hata walezi wazoefu hawalifikirii. Mtoto akiwa na malaria, kulegea na kutoamka vizuri ni dalili ya hatari. Ukishamlaza kwa dawa, utaijuaje? Utasema "leo kalala vizuri" mpaka mama yake afike saa kumi na moja.

Niliwahi kuingia kituo kimoja saa saba mchana. Watoto zaidi ya ishirini kwenye mikeka, simu yangu ikalia kwa sauti kubwa, hakujigeuza hata mmoja. Msimamizi alikuwa ofisini anapiga mistari ya daftari la mahudhurio kwa rula, mistari mizuri kweli. Chupa niliikuta jikoni, nyuma ya ndoo ya unga. Alilia, akaapa hakujua. Nilimwamini. Kutojua kwake ndiko nilikokuandika kwenye ripoti.

Wengi mnaopandishwa mnadhani kusimamia ni kuhamia mezani. Meza utaipata saa mbili usiku ukitaka. Wakati wa watoto kulala wewe uwe mikekani. Wachanga walazwe chali. Tazama kifua kinavyopanda na kushuka, gusa shingo kama ina joto, mwamshe mmoja uone anaamkaje. Dawa yoyote iingie kituoni kwa mkono wa mzazi tu, ikiwa na jina la mtoto, ifungiwe kabatini, ufunguo ukae kwako. Kwenye daftari liandikwe jina, kipimo, saa na aliyempa, na mzazi asaini. Isiyoandikwa hairuhusiwi kuwemo kituoni, hata kwenye pochi ya mlezi.

Kelele nazo zina tiba ya halali. Mtoto wa kati ya miezi minane na mwaka na nusu kulia akiachwa ni makuzi, hajadeka. Mpe mlezi wake mmoja, awe huyohuyo anayempokea kila asubuhi, huyohuyo anayemlisha na kumbadilisha pampasi. Ndani ya wiki chache utasikia tofauti. Ila kwa walezi watatu na watoto 34 hilo haliwezekani, ni zaidi ya watoto kumi na mmoja kwa mtu. Kwa hiyo kabla hujaupokea huo usimamizi, mwambie mwenye kituo aajiri mlezi wa nafasi yako. Akikataa, cheo hicho usikichukue, maana siku ya ajali jina litakaloandikwa ni lako.

Mama yako wa kazini usimwamrishe mbele ya wenzie. Mwachie wachanga, mwombe akuelekeze usiyoyajua, mwite kwa heshima yake. Ila daftari la dawa hata yeye lazima alijaze. Akisema "nimelea saba na wote wazima", mwitikie, kisha umpe kalamu.

Na nyinyi wazazi mnaosoma hapa, mnaosifia kituo kwa sababu mkipita hamsikii mtoto, mnawafundisha wamiliki kuuza usingizi. Piteni saa nne asubuhi bila taarifa, msikie kelele. Mtoto akirudi amelegea siku za kituo tu na Jumamosi ni mchangamfu, mdomo mkavu, uso mwekundu, mboni za macho zimetanuka, anayumba akitembea, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na mmwambie daktari mnashuku kapewa dawa ya usingizi. Kisha nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, kabla ya kwenda kugombana na mlezi, ili chupa ikutwe ilipo.