Vali za umeme kwenye bumu la zamani

Ndugu, nimekuelewa: mashine yako ya kunyunyizia dawa ina koki za mkono, unataka kufunga kila kipande cha bumu (ule mkono mrefu wenye nozeli, vitundu vya kutolea dawa) kwa swichi ukiwa kwenye trekta, ngano ya konani isipate dawa mara mbili. Pampu ikiwa nzima, inawezekana.

Nunua vali za volti 12 zenye njia ya kurudisha dawa tangini. Bila hiyo, ukifunga kipande kimoja presha inapanda kwa vilivyobaki. Weka maji matupu, fungua vyote, presha iwe baa 3. Funga kimoja, zungusha skrubu ya marejesho kwenye vali yake hadi geji irudi 3, kisha kinachofuata. Nozeli zinadondosha ukishafunga? Badilisha vipira vya kuzuia matone, la sivyo swichi ni mapambo tu.

Waya zitoke kwenye betri kupitia fyuzi. Mambo ya GPS, vali kujifunga zenyewe, mwachie fundi umeme. Na suuza mabomba kabla ya kufungua chochote, glavu mkononi.