Wanafunzi wanaozima kamera na kunyamaza

Mwalimu mwenzangu, umesema unafundisha chuoni kwa Zoom saa mbili mfululizo, na ukiuliza swali ni kimya tu. Pole sana, najua inavyokatisha tamaa.

Usiwalazimishe kuwasha kamera. Video inakula bando, na wengi wanatumia simu. Rekodi maelezo vipande vya dakika kumi kumi, uviweke mapema kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni. Sauti peke yake ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ni kama megabaiti 14 tu. Hata mwenye intaneti dhaifu ataipakua.

Kipindi cha pamoja kiwe cha kazi. Mimi huanza na maswali matatu ya wiki iliyopita, daftari limefungwa. Kila mtu anaandika jibu lake kwenye gumzo, ila hatumi mpaka nihesabu tatu. Majibu yanamiminika kwa mpigo, na aliyezoea kujificha nyuma ya wenzake naye ameandika lake. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba, baada ya wiki, aliyejipima kwa kukumbuka hukumbuka zaidi kuliko aliyerudia kusoma. Tafadhali, maswali hayo usiyape alama. Ukiyapa, watanakili.