Studio yako haifi kwa muvi mbaya

Mtu akianza kucheza gemu la kuendesha studio ya filamu, swali lake la kwanza huwa ni namna ya kutengeneza muvi kali. Swali zuri, ila litasubiri. Muvi mbaya huingiza hela kidogo, inachekwa, inasahaulika. Kinachoua studio ni kile kipindi ambacho hakuna chochote kipya sokoni, mapato ya muvi ya mwisho yamekauka, na mishahara bado inatoka.

Mifano yangu mingi nitaitoa kwenye The Movies, gemu la kampuni ya Lionhead lililotoka Novemba 2005, kwa kuwa ndilo nililolicheza hadi likanikaa mikononi. Ni gemu la zamani, na Lionhead yenyewe ilifungwa mwaka 2016. Hata hivyo yaliyokuja baadaye, kama Hollywood Animal linaloanzia mwaka 1929, yamejengwa juu ya mambo yaleyale: una eneo, una watu, una skripti, una seti (mandhari ya kupigia picha), na una wapinzani wanaokutolea macho.

Kwenye The Movies unaanzia mwaka 1920. Kila muvi inapita kwenye skripti, kisha kugawa nafasi za waigizaji na mwongozaji, mazoezi, kupiga picha, halafu kutoka sokoni. Kosa la wageni ni kuisindikiza muvi moja hatua zote hizo huku studio nzima ikiitazama. Mimi sheria yangu ni kwamba waandishi hawakai bure hata kidogo. Kamera zikianza kuzunguka kwa muvi ya sasa, skripti inayofuata iwe imeshaandikwa au inakaribia kwisha. Ikimalizika kabla ya waigizaji kupata nafasi, haiozi, inakusubiri. Kinyume chake, waigizaji na wapiga picha wakisubiri skripti, unawalipa wakae vivulini.

Hapo ndipo tamaa ya kujenga inapoingia. Gemu linakupa seti mpya, majengo, miti, vinjia vya maua, na kila kitu kinapendeza. Jizuie. Kila seti inachakaa, na kuikarabati kunahitaji mafundi, ambao nao wanakula mshahara. Lakini pia usitumie seti moja kila muvi, watazamaji wanaichoka na alama zinashuka. Chagua aina mbili za muvi kati ya tano zilizopo (mapigano, vichekesho, kutisha, mapenzi na sayansi ya kubuni), uzijengee seti za kutosha kubadilishana, zile nyingine zisubiri hela. Uchaguzi wenyewe usiufanye kwa mapenzi tu. Ladha ya watazamaji inabadilika kufuata matukio ya dunia, na watangazaji wa redio ndani ya gemu wanayataja. Wachezaji wengi huwazima sauti kwa sababu wanapiga kelele. Waacheni waongee.

Sasa mastaa. Hapa ndipo gemu lenyewe lilipo, na hapa ndipo wengi wanapoangushwa.

Staa wa The Movies ana njaa ya kila kitu. Anataka mshahara usiopitwa na wa mwenzake, anataka trela zuri la kupumzikia, anataka wapambe wa kumfuata nyuma, anataka mavazi yanayoendana na wakati. Ukimnyima, anakasirika, na staa aliyekasirika anakwamisha kazi. Suluhisho la haraka ambalo kila mtu hulifikia ni kumnyanyua kwa kipanya na kumdondosha baa. Msongo unashuka mbele ya macho yako, ni kama uchawi. Ukirudia rudia hivyo anakuwa mlevi, na siku ya kupiga picha utamkuta kaunta. Chakula nacho ni hivyohivyo: mgahawa unamtuliza, kisha anaanza kunenepa na kuutafuta mwenyewe. Kumtoa huko ni kumpeleka kwenye matibabu, na muda wote huo muvi zako hazina sura yake.

Ushauri wangu ni kuzuia chanzo, usikimbizane na dalili. Usimpangie staa mmoja muvi mfululizo hata kama ndiye anayeuza. Uwe na wawili au watatu wanaopokezana, na mishahara yao isiachane sana, kwa sababu wivu kati yao ni ghali kuliko nyongeza. Staa asiye na muvi mdondoshe kwenye seti tupu afanye mazoezi ya aina ile ya filamu unayomtaka aimudu. Uzoefu unapanda, na uchovu wa kukaa bila kazi unapungua. Vilevile waweke pamoja wale utakaowapangia muvi moja. Uhusiano wa waigizaji wakuu na mwongozaji unaingia moja kwa moja kwenye ubora wa kazi, na watu wasiojuana watakuharibia hata skripti nzuri.

Jambo jingine wageni hawaliamini mpaka walione: mtu yeyote anaweza kuwa yeyote. Mfagizi unaweza kumnyanyua ukamfanya mwigizaji. Kwa hiyo usimbembeleze mtu mmoja kana kwamba studio ni yake. Kinda anayeanza analipwa kidogo, halalamiki, na ukimfundisha kabla mkongwe hajazeeka, siku mkongwe anapochoka huna pengo. Maana wanazeeka kweli, na watazamaji wanaona.

(Pembeni kidogo: ninapowanyanyua watu hawa kwa kipanya huwa nawakumbuka wenye studio wa Hollywood ya zamani, waliowafunga waigizaji kwa mikataba ya miaka saba na kuiongeza kila mwigizaji alipokataa kazi. Ilibidi mwigizaji Olivia de Havilland aende mahakamani California na kuishinda studio ya Warner Bros. mwaka 1944. Kwenye gemu hakuna mahakama, kuna baa tu.)

Utafiti sitauzungumzia sana. Weka watu maabara mapema na usiwaondoe, basi. Kamera bora na sauti zikikufikia kabla ya wapinzani, muvi ya kawaida inapata alama ambazo vinginevyo usingezipata. Tuzo hutolewa kila baada ya miaka mitano, na zinakuja na faida za muda zinazosaidia kweli, hivyo muvi yako bora itoe ikiwa na muda wa kuhesabiwa, isibaki kabatini sherehe ikipita.

Kuna wanaoingia kwenye gemu hili si kwa biashara bali kutengeneza muvi yao wenyewe, onyesho kwa onyesho. Kwao ningesema waache kabisa hali ya kawaida wafungue ile ya uhuru, ambako unachagua mwaka wa kuanzia na kiasi cha pesa. Mishahara na ulevi vitakuharibia utunzi. Pia msisubiri seti kamilifu. Mwezi uleule gemu lilipotoka, Alex Chan, Mfaransa, alilitumia kutengeneza The French Democracy, filamu ya dakika kama kumi na tatu kuhusu ghasia zilizokuwa zimelipuka Ufaransa. Gemu halikuwa na Paris, kwa hiyo treni ya chini ya ardhi inaonekana ya New York. Filamu ilisambaa duniani hivyohivyo. Andika kwanza kinachosemwa katika kila onyesho, kisha tafuta seti inayokaribia, na maonyesho yawe mafupi: wahusika wa gemu hawajui kukaa kimya, mikono yao inacheza tu, na ukiirefusha picha mtazamaji anaanza kuitazama mikono.